Vitafunwa vya kutisha: Siku moja ya mwaka inayowaingizia fedha wakulima na wapishi wa Marekani

BISKUTI ni biskuti, na soseji ni soseji. Lakini biskuti ikifinyangwa mfano wa kidole cha mchawi, ikachomekwa lozi moja mahali pa ukucha na kupakwa jamu nyekundu kama damu, mnunuzi wa Marekani huilipia bei nyingine kabisa. Sharti ni moja tu: iuzwe kabla ya jioni ya Oktoba 31.

Siku hiyo ndiyo sikukuu ya Halloween. Watoto huvaa mavazi ya mizimu, mifupa na wachawi, kisha hupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Watu wazima nao hufanya sherehe ambazo meza yake hupambwa kwa vyakula vya kuchekesha na kutisha kwa pamoja: mayai yenye buibui, keki yenye utando, soseji zilizofungwa sanda.

Fedha zinazozunguka katika siku hiyo si kidogo. Kwa mujibu wa makadirio ya Shirikisho la Taifa la Wauzaji wa Rejareja la Marekani (NRF), Wamarekani walitarajiwa kutumia Dola bilioni 13.1 kwa ajili ya Halloween ya mwaka 2025. Kati ya hizo, Dola bilioni 3.9 zilikuwa za peremende peke yake. Mwaka 2024 makadirio yalikuwa Dola bilioni 11.6, na mwaka 2023 yalikuwa Dola bilioni 12.2.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, jambo la kujifunza hapo si namna ya kumtisha mtoto wa jirani. Ni namna ambavyo unga, sukari, mayai na maboga, vitu vinavyopatikana kila soko, hupandishwa thamani kwa umbo na tarehe. Aidha, historia ya siku hiyo inaonyesha jinsi mpishi wa nyumbani anavyoweza kupoteza soko lote kwa sababu ya hofu, na jinsi anavyolirudisha kwa uaminifu.

Ilikoanzia

Asili ya sikukuu hii ni Ireland na Scotland, ambako Waselti wa kale waliadhimisha Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya giza na baridi. Waliamini kuwa usiku huo mizimu hutembea. Baadaye Kanisa liliweka sikukuu ya Watakatifu Wote Novemba 1, na mkesha wake ndio uliozaa jina la Halloween.

Tangu mwanzo chakula kilikuwa sehemu ya shughuli. Nchini Ireland hadi leo huokwa mkate wa zabibu kavu uitwao barmbrack, ambao ndani yake hufichwa pete. Anayekutana na pete katika kipande chake huambiwa kuwa hatachelewa kufunga ndoa.

Waairishi walichonga pia sura za kutisha kwenye tanipu, mzizi wa duara unaofanana na figili kubwa, na kuweka mwanga ndani. Njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, baada ya viazi kuoza mashambani, iliwafanya wengi wakimbilie Marekani. Huko walikuta boga, ambalo ni kubwa, laini kuchonga na lenye uwazi ndani. Tanipu ikaachwa.

Watengenezaji wa peremende nao hawakukaa nyuma. Katika miaka ya 1880, mfanyakazi wa kiwanda cha peremende cha Wunderle mjini Philadelphia, George Renninger, anatajwa kuwa ndiye aliyebuni pipi ndogo zenye umbo la punje ya mahindi na rangi tatu: njano, chungwa na nyeupe. Kampuni ya Goelitz iliyozitengeneza baadaye iliziuza kwa jina la Chicken Feed, yaani chakula cha kuku, na kuweka picha ya jogoo kwenye boksi.

Wakati huo zilikuwa pipi za wakulima, za msimu wa mavuno. Leo zinajulikana kama Candy Corn na ni alama ya Halloween. Ndani yake hakuna cha ajabu: zaidi ni sukari na sharubati nzito inayotokana na mahindi.

Boga la kuchonga si boga la kula

Mnyororo wote wa biashara hii huanzia shambani, na mkulima anayehusika hahesabu tangu siku ya kupanda kwenda mbele. Huanza na Oktoba 31 na kuhesabu kurudi nyuma.

Boga la kuchonga huchukua takriban siku 90 hadi 120 tangu kupandwa hadi kukomaa, kutegemea aina. Kwa sababu hiyo, wakulima wa maeneo ya kaskazini mwa Marekani hupanda mwishoni mwa Mei, wakati wale wa kusini, ambako joto hudumu zaidi, huweza kusubiri hadi mwanzoni mwa Julai. Anayepanda mapema mno huvuna boga litakaloanza kulainika kabla ya sikukuu. Anayechelewa hukutwa na baridi kali, boga likiwa bado kijani.

Aina inayojulikana sana kwa kuchonga ni Howden, iliyoendelezwa na mkulima John Howden wa jimbo la Massachusetts. Sifa zake ni rangi kali ya chungwa, umbo la kusimama vizuri na kikonyo kinene. Hakuna aliyeichagua kwa utamu, kwani nyama yake ni ya majimaji na ina nyuzi.

Kikonyo hicho ndicho roho ya bei. Mnunuzi hulishika boga kwa kikonyo kama mpini, na boga lililokatika kikonyo hubaki sokoni. Ndiyo maana wakulima huhofia ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga unaoshambulia majani. Majani yakifa mapema, kikonyo husinyaa na kuwa dhaifu. Huhofia pia upungufu wa nyuki, kwa kuwa ua la boga haliwezi kutunga tunda bila mdudu kulitembelea.

Boga la kupikwa ni jingine kabisa. Jimbo la Illinois ndilo linaloongoza Marekani kwa uzalishaji wa maboga, na sehemu kubwa ya mazao yake huenda kusindikwa kwenye makopo. Mji mdogo wa Morton katika jimbo hilo hujiita makao makuu ya maboga duniani kwa sababu ya kiwanda chake cha usindikaji. Boga linalotumika huko ni la aina ya Dickinson, refu kidogo na lenye ganda la rangi ya mchanga. Lingewekwa mlangoni usiku wa Halloween, pengine hakuna ambaye angegeuka kulitazama, lakini nyama yake ni nzito na tamu.

Hatari ya kutegemea eneo moja ilionekana mwaka 2009. Mvua nyingi wakati wa mavuno ziligeuza mashamba kuwa tope, matrekta yakashindwa kuingia, na maboga yakaozea shambani. Makopo yakaadimika madukani kote nchini.

Wakulima wadogo wasio na mkataba na kiwanda wamepata njia yao. Badala ya kupeleka maboga sokoni, huwaleta wateja shambani. Familia hulipa kiingilio, hupandishwa kwenye tela lenye nyasi kavu, watoto hupotezana ndani ya njia zilizokatwa katika shamba la mahindi, na kila mmoja huchagua boga lake mwenyewe. Pembeni huuzwa maji ya tofaa, maandazi ya moto na mahindi. Boga lenyewe linakuwa kisingizio cha safari.

Mabaki nayo yana kazi. Mbegu zinazotolewa wakati wa kuchonga huoshwa nyuzi zote, hukaushwa kwa kitambaa, huchanganywa na mafuta kidogo na chumvi, kisha huokwa kwa nyuzi joto 160 kwa dakika 20 hivi hadi ziwe na rangi ya dhahabu. Kinachobaki baada ya sikukuu hulishwa mifugo au huwa mboji, lakini si boga lililopakwa rangi au kuanza kuota ukungu.

Umbo ndilo linalouza

Jikoni, vitafunwa vya Halloween vina kanuni moja: chukua chakula ambacho kila mtu anakijua na kukipenda, kisha badilisha sura yake bila kuharibu ladha. Mteja anataka kushtuka kwa macho, si kwa ulimi. Vifuatavyo ni baadhi ya vile vinavyotengenezwa sana, na hakuna kinachohitaji mashine ya gharama.

Vidole vya mchawi: Piga siagi gramu 225 na sukari ya unga gramu 120 hadi vilainike. Ongeza yai moja na kijiko kidogo cha vanila. Changanya na unga wa ngano gramu 340 hivi, kijiko kidogo cha hamira ya unga na chumvi kidogo. Weka donge kwenye jokofu kwa nusu saa.

Kisha chukua kipande kidogo, kiviringishe kiwe chembamba kuliko kidole cha mtu, kwa sababu kitatanuka ndani ya oveni. Bana katikati ili pafanane na kifundo, chora mistari mitatu kwa kisu, na bonyeza lozi moja kwenye ncha iwe ukucha. Oka kwa nyuzi joto 165 kwa dakika 20 hadi 25. Vikishapoa, inua lozi, weka tone la jamu nyekundu chini yake na uirudishe. Wanaoshindwa kidole chembamba hujikuta wakiuza viazi.

Soseji zenye sanda: Kanda unga wa mkate wa kawaida, usukume uwe mwembamba na uukate kanda nyembamba. Zungushia soseji kwa kupishanisha kanda hizo kama vitambaa vya maiti za kale za Misri, ukiacha nafasi ndogo ya uso. Oka kwa nyuzi joto 190 kwa dakika 15 hivi, kisha weka nukta mbili za haradali ziwe macho. Hiki ni chakula cha moto, na huuzwa vizuri zaidi kwa sherehe zilizo karibu na jiko.

Mizimu myeupe: Piga ute wa mayai matatu hadi usimame, ukiongeza sukari gramu 150 kidogo kidogo. Weka kwenye mfuko wenye tundu, bonyeza vilima vidogo vyenye ncha juu, na uvikaushe katika oveni ya nyuzi joto 100 kwa saa moja na nusu. Macho huwekwa kwa chokoleti iliyoyeyushwa. Vikifungwa kwenye kopo lisiloingiza hewa hukaa wiki mbili au zaidi. Adui yake ni unyevu, kwa hiyo mpishi wa mahali penye joto la pwani hana budi kuvifunga mara tu vikipoa.

Mayai ya buibui: Chemsha mayai, yapasue mara mbili, toa viini na uviponde kwa mayonezi na chumvi, kisha virudishe. Nusu ya zeituni nyeusi huwa mwili wa buibui, na vipande vyembamba vya zeituni nyingine huwa miguu. Wataalamu wa afya wa Marekani hushauri chakula cha aina hii kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili.

Keki ya utando: Paka keki krimu nyeupe. Juu yake chora miduara ya chokoleti iliyoyeyushwa, mmoja ndani ya mwingine. Kabla haijaganda, buruta kijiti cha meno kutoka katikati kwenda pembeni mara nane. Utando utajitokeza wenyewe.

Kinachotakiwa kuangaliwa kwa makini ni moshi wa kwenye vinywaji. Katika sherehe nyingi moshi huo hutokana na barafu kavu, ambayo ni hewa ya kaboni iliyogandishwa kwa nyuzi joto 78 chini ya sifuri. Huunguza ngozi ikishikwa kwa mkono mtupu na huumiza vibaya ikimezwa. Wenye busara huiweka kwenye bakuli la nje lenye maji, na kinywaji huwekwa kwenye bakuli jingine dogo ndani yake.

Hofu iliyomnyang'anya mpishi soko

Zamani, mtoto aliyegonga mlango usiku wa Halloween hakupewa pipi ya kiwandani peke yake. Alipewa madonge ya bisi yaliyoshikanishwa kwa sukari, biskuti za nyumbani, karanga, matofaa au sarafu. Desturi hiyo ya kugonga milango ilienea miaka ya 1930, ikadorora wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sukari ilipogawiwa kwa mgao kuanzia mwaka 1942 hadi 1947, kisha ikarudi kwa kishindo.

Viwanda viliona nafasi na kuanza kutoa peremende ndogo, kila moja kwenye karatasi yake. Hata hivyo, kilichomwondoa kabisa mpishi wa nyumbani hakikuwa bei, bali hofu.

Mwaka 1974, mtoto wa miaka minane katika jimbo la Texas alikufa baada ya kula peremende yenye sumu usiku wa Halloween. Upelelezi ulionyesha kuwa aliyeiweka sumu ni baba yake mzazi, aliyekuwa akitaka fedha za bima. Alihukumiwa kifo na kuuawa kwa sindano mwaka 1984. Kisha mwaka 1982, wiki chache kabla ya sikukuu, watu saba katika eneo la Chicago walikufa kwa kumeza dawa za maumivu zilizotiwa sumu na mtu asiyejulikana.

Tangu hapo wazazi wengi walikagua kila kilicholetwa na watoto, na kisichokuwa na karatasi ya kiwanda kilitupwa. Profesa wa elimu ya jamii, Joel Best, ambaye amefuatilia suala hili kwa miongo kadhaa, hajapata ushahidi wa mtoto hata mmoja aliyeuawa na mgeni kwa peremende za Halloween zilizotiwa sumu kiholela.

Lakini ukweli huo haukuwasaidia wapishi. Soko halisubiri matokeo ya utafiti. Mteja akishaanza kutilia shaka mkono uliotengeneza chakula, hununua kilichofungwa, hata kama kina ladha ndogo na bei kubwa.

Tofaa la kijiti

Kama hofu ile ya sumu ilikuwa ya kusikia, ipo hatari nyingine ambayo ni ya kweli, na ilitoka kwenye kitafunwa kinachopendwa sana msimu huo: tofaa lililochomekwa kijiti na kuchovywa kwenye sukari ya karameli.

Kati ya Oktoba 2014 na Januari 2015, watu 35 katika majimbo 12 ya Marekani waliugua kutokana na bakteria aina ya listeria baada ya kula matofaa hayo yaliyotengenezwa na kufungwa viwandani. Saba walifariki, na kwa angalau watatu kati yao ugonjwa huo ulithibitishwa kuchangia kifo. Chanzo kilikuwa matofaa yenyewe, yaliyochafuliwa kabla ya kufika kwa watengenezaji.

Wengi walishangaa. Tofaa lina uchachu, na karameli ina sukari nyingi. Vyote viwili haviruhusu vijidudu kustawi. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipochunguza, walikuta jibu kwenye kijiti. Kijiti kinapochomekwa, maji ya tofaa hupanda na kujikusanya kati ya ganda na karameli. Hapo hupatikana tabaka jembamba lenye unyevu, ambalo halina uchachu wa kutosha wala sukari ya kutosha. Bakteria waliokuwa juu ya ganda hupata makao.

Matofaa yenye vijiti yaliyoachwa kwenye joto la kawaida ndiyo yaliyokuwa na ukuaji mkubwa wa vijidudu. Yaliyowekwa kwenye jokofu yalikuwa salama zaidi.

Somo hilo linamhusu kila anayeuza tunda la kijiti, liwe tofaa au embe. Tunda lioshwe na kukaushwa kabisa, kijiti kiwe safi, bidhaa ikae kwenye ubaridi, na iuzwe ndani ya siku chache.

Sheria zilizofungua mlango wa jiko

Kwa miaka mingi, mama wa Marekani aliyeoka biskuti nyumbani hakuruhusiwa kuziuza mpaka akodi jiko la biashara lenye leseni. Kodi hiyo ilizidi faida. Hali ilianza kubadilika majimbo yalipopitisha sheria za vyakula vinavyotengenezwa majumbani. California ilianza kutumia sheria yake Januari 2013, na New Jersey, jimbo la mwisho kuruhusu, lilifungua mlango mwaka 2021.

Masharti hutofautiana, lakini msingi unafanana katika majimbo mengi. Vinavyoruhusiwa ni vyakula visivyohitaji jokofu, kama biskuti, mikate, jamu, peremende na bisi. Kwa hiyo vidole vya mchawi na mizimu ya ute wa mayai huuzwa kihalali, lakini mayai ya buibui na soseji zenye sanda hutakiwa kupikwa kwenye jiko lenye kibali.

Kila pakiti huwa na lebo inayotaja jina la mtengenezaji, viungo vyote, na mara nyingi maelezo kwamba bidhaa imetengenezwa katika jiko la nyumbani. Viungo vinavyowadhuru watu wenye mzio lazima vionekane wazi. Sheria ya taifa inataja vikundi tisa: maziwa, mayai, samaki, wanyama wa baharini wenye magamba kama kamba, lozi na jamii yake, karanga, ngano, soya na ufuta. Ufuta uliongezwa kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2023.

Kwa vitafunwa vya kutisha jambo hilo si dogo. Umbo huficha kilichomo. Mzazi anaona kidole, haoni lozi. Mtoto mwenye mzio wa lozi akiuma ukucha ule, sherehe huishia hospitali. Baadhi ya wapishi wameacha lozi na kutumia mbegu ya boga kuwa ukucha, ambayo hupatikana bure wakati wa kuchonga.

Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2014 imeenea kampeni ya kuweka mlangoni boga lililopakwa rangi ya samawati yenye ukijani. Rangi hiyo huwaarifu wazazi kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula, kama penseli na vibandiko, kwa ajili ya watoto wenye mzio.

Hesabu ya Novemba 1

Mtihani wa biashara hii huja asubuhi ya Novemba 1. Maduka hushusha bei ya peremende za Halloween mara moja, mara nyingi hadi nusu, ili kupisha bidhaa za Krismasi. Boga la kuchonga halina bei tena. Biskuti yenye umbo la fuvu bado ni tamu kama jana, lakini hakuna anayeitaka.

Wazoefu hujikinga kwa njia tatu. Ya kwanza ni kupokea oda mapema, pamoja na sehemu ya malipo, na kutengeneza kwa idadi hiyo na ziada kidogo tu. Ya pili ni kuchelewesha umbo. Donge la biskuti hukaa vizuri kwenye friza kwa wiki kadhaa. Likifinyangwa vidole, lina tarehe ya mwisho. Likibaki donge, linaweza kuwa nyota ya Krismasi. Ya tatu ni kupamba kwa vitu vinavyoondoka: karatasi, utepe na lebo vyenye picha ya popo vinaweza kubadilishwa, lakini rangi nyeusi iliyochanganywa ndani ya keki haitoki.

Wengi hukosea katika kukadiria gharama. Huhesabu unga, sukari na siagi, wakasahau saa mbili za kufinyanga. Tuseme mpishi anatengeneza biskuti 60 za duara kwa dakika 20 za kukata. Biskuti hizo hizo zikiwa vidole huchukua saa nzima au zaidi. Kama bei haikupanda kwa kiasi cha kulipia muda huo, basi umbo halikumletea faida. Limemfanyisha kazi bure.

Bei ya malighafi nayo haitabiriki. Kakao, ambayo kwa miaka mingi iliuzwa kwa Dola 2,500 hivi kwa tani, ilipita Dola 10,000 mwezi Machi 2024 na kuvuka Dola 12,000 mwezi Desemba mwaka huo, baada ya mavuno mabaya nchini Ivory Coast na Ghana, nchi zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Mwaka 2025 bei ilianza kuporomoka. Watengenezaji wa peremende walipandisha bei au kuongeza bidhaa zisizo na chokoleti.

Wakulima wa Kyela mkoani Mbeya na wa Bundibugyo nchini Uganda, ambao hawajawahi kuona mtoto aliyevaa kama mzimu akigonga mlango, waliuhisi mtikisiko huo huo kwenye mizani. Chokoleti inayogawiwa Oktoba 31 ilikuwa punde tu kakao iliyoanikwa uani kwa mtu.

Cha kuchukua

Halloween si sikukuu ya Afrika Mashariki, na wapo Wakristo na Waislamu wengi wasioitaka kwa sababu ya kuhusishwa kwake na mizimu. Lakini mbinu zake za biashara hazina dini. Sikukuu ya Idi, Krismasi, mahafali ya shule na siku za kuzaliwa zina tarehe zinazojulikana, na wateja walio tayari kulipa zaidi kwa kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya siku hiyo.

Anayetaka kujaribu anashauriwa achague bidhaa moja tu ambayo tayari anaitengeneza vizuri, na aanze na idadi ndogo. Ahesabu siku kurudi nyuma tangu siku ya sherehe: lini wateja wataanza kuagiza, lini malighafi inunuliwe, na kwa mkulima, lini mbegu iingie ardhini. Apime muda wa kupamba kwa saa, si kwa kukisia, na auingize kwenye bei.

Aandike viungo vyote kwenye pakiti, pamoja na jina na namba ya simu yake. Afuate kanuni za mamlaka ya chakula ya nchi yake kabla ya kuuza. Na kabla ya kupokea oda ya kwanza, ajue atafanya nini na kitakachobaki kesho yake asubuhi.